Demo imecheza dakika kumi bila kukwama. Je, ninunue gemu?

SWALI: Mjomba fundi, shikamoo. Niko Nachingwea. Baada ya mnada wa korosho mzee alinipa kidogo, nikanunua kompyuta mpakato ya mtumba: Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4, Windows 10, haina kadi ya picha ya kujitegemea. Nimeipenda gemu ya malori, Euro Truck Simulator 2. Nimepakua demo yake, kile kipande cha bure cha kujaribia, kutoka Steam, duka la gemu la mtandaoni, nikaendesha usiku kama dakika kumi, ikaenda vizuri tu. Je, nikilipia gemu nzima itacheza hivyohivyo? Na zile zisizo na demo nizijaribuje? Kuna jamaa hapa mjini anasema ataniwekea kwa flashi ile iliyovunjwa, yaani nakala isiyolipiwa, nijaribu kwanza, nikiipenda ndiyo ninunue.

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Umefanya vizuri kuanza na demo, maana wengi hulipa kwanza ndipo wakaja kuniuliza mbona inakwama. Lakini usilipie bado. Dakika kumi za usiku zimekuambia kwamba gemu inafunguka na kwamba umeipenda. Kuhusu mashine yako hazijakuambia karibu chochote.

Kwenye kompyuta yako, kazi ya kuchora picha inafanywa na kipande kilichomo ndani ya prosesa yenyewe, hiyo Core i5. Kwa Core i5 za kizazi hicho, kwa kawaida ni Intel HD 4000. Kwa hiyo anayepiga hesabu na anayechora wamekaa chumba kimoja, wanapozwa na feni moja. Ukicheza, joto linapanda. Likifika kiwango fulani prosesa inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Mara nyingi hilo halitokei dakika ya tano. Huja baada ya robo saa au nusu saa, na linakuja mapema zaidi mchana wa Novemba kuliko usiku wako wa Nachingwea.

Hapa karakana kwangu Chikongola nililetewa mashine ya aina hiyohiyo, mwenyewe akilalamika kwamba gemu inakwama. Niliiweka mezani saa nane mchana, dirisha wazi, nikafungua demo, nikawasha ile namba ya pembeni inayoonyesha picha ngapi zinachorwa kwa sekunde. Robo saa ya mwanzo ilikaa juu ya 30. Feni ikaanza kulia. Ilipotimu nusu saa, namba ilikuwa chini ya 20, na lori lilikuwa linakata kona kwa kurukaruka, unageuza usukani halafu unasubiri. Nikaizima, nikafungua mfuniko wa chini. Kati ya feni na mapezi ya kupoozea kulikuwa na vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi; nililing'oa kwa kibano, likatoka zima. Pesti ya juu ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye mapezi, ilikuwa imekauka, inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Nikasafisha, nikapaka pesti mpya, nikarudia jaribio saa ileile kesho yake. Namba ilishuka kidogo tu, ikatulia. Demo ilikuwa ileile na mashine ileile, lakini jibu la kununua au kutonunua lilikuwa limebadilika.

Basi rudia jaribio lako hivi. Chomeka chaja, kwa sababu mashine ikitumia betri hujipunguzia nguvu. Iweke kwenye meza ngumu, si kitandani, godoro linaziba matundu ya hewa. Washa hesabu ya picha: Steam, kwenye mipangilio, sehemu ya ndani ya gemu, utaiona. Kisha cheza dakika 40 mfululizo, mchana, katika saa ambayo kwa kawaida ungecheza. Usiishie barabara kuu iliyonyooka. Hapo mashine yoyote inapumua. Tafuta mji wenye magari mengi, subiri mvua inyeshe, washa taa usiku wa ndani ya gemu, na uangalie vioo vya pembeni, maana kila kioo ni picha nyingine inayochorwa upya. Ukiona inalemewa, shusha ubora wa vioo kwanza, kisha punguza ukubwa wa picha inayochorwa. Hivyo viwili vinasaidia kuliko vingine vyote. Ikikaa karibu na 30 bila kurukaruka, utaendesha kwa raha. Namba ikipanda na kushuka kila mara, macho yatachoka hata kama wastani unaonekana mzuri.

Halafu hiyo RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya GB 4. Kipande cha kuchora hakina kumbukumbu yake, kinakopa kutoka humohumo, kwa hiyo Windows, gemu na picha vyote vinagombea sahani moja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, ubonyeze kumbukumbu. Itakuonyesha nafasi ngapi za RAM zimetumika. Ikisema moja kati ya mbili, una bahati. Ongeza kipande kingine cha GB 4 cha DDR3 kinacholingana na hicho. Hapo hupati nafasi zaidi tu: vipande viwili husomwa kwa pamoja, njia ya data inakuwa pana, na kuchora kwa HD 4000 kunaongezeka waziwazi. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua RAM kwanza. Gemu itakusubiri.

Sasa kuhusu demo yenyewe. Wewe ni mtoto wa mkulima, unajua mkaguzi wa korosho hachukui punje za juu ya gunia moja akaridhika. Anachota kwenye magunia mbalimbali, anazipasua, anatazama ndani. Demo ni punje ambazo mwenye gunia amekuchagulia. Mara nyingi ni sehemu ya mwanzo, iliyonyooshwa vizuri, na pengine ni ya toleo la zamani kuliko gemu inayouzwa leo. Euro Truck Simulator 2 ilitoka 2012, na tangu hapo SCS Software ya Prague wameibadilisha mara nyingi. Mwaka 2021 walibadilisha mfumo mzima wa mwanga. Kwa hiyo tazama namba ya toleo kwenye ukurasa wa mwanzo wa demo, uilinganishe na toleo la sasa, na usome mahitaji ya chini kwenye ukurasa wa duka siku ileile unayotaka kulipa, si ya video ya miaka mitano iliyopita. Ujue pia kwamba ramani nyingi unazoziona kwenye video, Skandinavia kwa mfano, zinauzwa kivyake.

Kuna jambo la bando ambalo watu wa kwetu linatuumiza. Steam huihesabu demo na gemu nzima kuwa vitu viwili, kwa hiyo ukinunua utapakua upya. Na hapa sikiliza vizuri: Steam wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ulipolipa, ukiwa umecheza chini ya saa 2. Siku zinahesabiwa tangu kulipa, si tangu kumaliza kupakua. Nimewaona vijana wamelipa, wakawa wanapakua kidogokidogo kwa bando la usiku wiki tatu, na gemu ilipofunguka haki ya kurudishiwa ilikuwa imeshapita. Lipa ukiwa tayari una bando la kutosha, au uko mahali penye Wi-Fi ya uhakika. Na saa hizo 2 zinahesabika gemu ikiwa wazi, hata kama umeisimamisha ukaenda kula. Ukirudishiwa, unachagua pesa irudi ulikolipia au ikae kwenye pochi yako ya Steam. Kama ulilipa kwa kadi ya mtandaoni uliyoifungua kwenye simu na umeshaifuta, chagua pochi.

Hiyo ndiyo njia yako ya kwanza kwa gemu zisizo na demo: zile saa 2 zifanye ziwe demo, kwa mpango uleule wa dakika 40. Duka la Epic nalo lina siku 14 na saa 2. GOG, duka jingine la mtandaoni, wanatoa siku 30 hata kama umeshacheza. PlayStation ni tofauti, ukishaanza kupakua kwa kawaida hurudishiwi, labda gemu iwe na hitilafu. Kwa mpira, eFootball ni ya bure tangu 2021, huna haja ya kununua ili kuijaribu. Baadhi ya gemu nzito, kama Black Myth: Wukong, zina programu ya bure ya kupima mashine tu, nayo inasema kweli kuliko demo. Na usidharau kibanda cha gemu cha mtaani. Huwezi kupima kompyuta yako pale, lakini kama swali ni moja tu, nitaipenda au la, nusu saa kwenye kibanda inajibu bila kula bando.

Kuhusu huyo jamaa wa flashi, mkatalie. Sisemi hivyo kwa sababu tu kuna watu waliotoa jasho kutengeneza gemu hiyo, ingawa wapo. Gemu iliyovunjwa mara nyingi hukuambia uzime kwanza programu ya kukinga virusi. Mteja wangu mmoja aliizima. Mwezi ule ule alikuja na mashine ambayo mafaili yote yamebadilishwa majina na hayafunguki: hesabu za duka lake la pembejeo, nani kakopa salfa kiasi gani, picha za watoto. Sikuweza kuyafungua, niliweza kufuta tu na kuweka Windows upya, naye amekaa kwenye benchi ananitazama. Tena hata kama ingekuwa salama, isingekujibu swali lako, kwa sababu toleo lililovunjwa kwa kawaida ni la zamani, na ulaini wake haukuambii lolote kuhusu hilo utakalouziwa.

Anza na vumbi, wiki hii. Kama hujawahi kufungua mashine mwenyewe, mpe fundi wa hapo Nachingwea, ukae naye akifanya, na umwombe akuonyeshe nafasi ya pili ya RAM akiwa ameshafungua. Kisha niandikie namba ulizozipata: mwanzoni, dakika ya 20 na dakika ya 40. Nikiziona hizo tatu nitakuambia kama ulipie.