Usimuulize aliua wangapi

Nilikuwa darasa la tano nilipomuuliza baba mdogo swali ambalo watoto wote pale kijijini tulikuwa tunalitamani: "Baba, kule Uganda uliua wangapi?" Hakunipiga. Alinyanyuka, akachukua jembe akaenda shamba, na jua lilikuwa limeshazama. Mama mdogo ndiye aliyenivuta sikio.

Baba mdogo alikuwa mgambo. Nduli Idi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye alikuwa na miaka 22 na mahari ameshamaliza kulipa. Mwalimu Nyerere akasema redioni kwamba sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Wiki chache baadaye vijana wa Nzega wakapandishwa malori.

Alirudi mzima, ndivyo tulivyoambiwa siku zote. Miguu miwili, mikono miwili, ngoma zikapigwa. Halafu tukaanza kumlaumu. Mzee ana visirani. Mzee ana maringo, ukimwita hageuki. Mzee anaondoka harusini kabla ya keki, eti fataki zinamkera. Lazima akae akitazama mlango. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo, hata mimi niliyesoma.

Nilikuja kuelewa usiku mmoja umeme ulipokatika, tukiwa barazani tunabangua karanga. Gizani watu husema. Akaanza mwenyewe habari za Lukaya, mahali ambapo barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inakatiza kwenye kinamasi. Ilikuwa Machi 1979. Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo kama yeye, ilishambuliwa na majeshi ya Amin pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia.

"Tulikimbia," akasema. Kimya. Akabangua karanga kama tano hivi. "Rafiki yangu alinishika mkanda, tope limemfika kiunoni. Nikajivuta."

Kesho yake walijipanga upya, brigedi nyingine ikazunguka nyuma ya adui, roketi tulizoziita saba saba zikanguruma, Lukaya ikawa yao. Aprili 11 Kampala ikaanguka. Hayo tuliyasoma shuleni. Lakini kijiji kilimpokea shujaa, na shujaa hana mahali pa kuisimulia siku aliyokimbia. Mwalimu naye alikuwa ametuomba tufunge mikanda miezi 18; watu walikuwa kwenye foleni ya sukari na sabuni, nani angekaa kumsikiliza mgambo? Akaibeba peke yake miaka 30.

Kwa hiyo, kama kwenu yupo mzee wa vita vile (na waliokuwa vijana wakati ule sasa wanagonga miaka 70), kwanza acha hesabu ya maiti. Muulize walikula nini. Muulize buti zilichanikia wapi, maana sehemu kubwa ya safari ile waliikanyaga kwa miguu. Muulize nani alikuwa mchekeshaji wa kombania. Baba mdogo akishaanza na maharage yenye mchanga, mengine huja yenyewe, au hayaji, na yasipokuja nyamaza naye.

Neno shujaa nalo litumie kwa kiasi. Kila Julai 25 tunaweka mkuki na ngao, ni vizuri, silipingi hata kidogo. Ila nyumbani neno hilo linaweza kumfunga mtu mdomo.

Mpeleke akapimwe masikio. Mimi nilichelewa mno. Daktari alimtazama kidogo tu akauliza kama aliwahi kukaa karibu na mizinga. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa tangu 1979, sisi tukaliita maringo! Sasa ana kifaa cha kusikia, ingawa hukivaa wakati wa taarifa ya habari tu.

Na ukae na mke wake. Hili ndilo nalisisitiza. Mama mdogo alipoolewa, mwezi wa kwanza alimgusa bega mumewe aamke, akajikuta amekabwa koo. Toka siku hiyo humwamsha akiwa amesimama mlangoni, akimwita jina lake lote, mara mbili, taratibu. Hakumwambia mtu, hata mama yake mzazi. Yeye hakupewa medali, na sijui ingeandikwaje.

Mwaka juzi baba mdogo akaniomba kitu kwa mara ya kwanza maishani: nimpeleke Kaboya, kule Muleba, walikozikwa askari wa vita ile. Tulisafiri siku mbili. Getini alivua kofia, akakitoa kile kifaa mfukoni akakivaa. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Akanishika mkono, akanihamishia upande wake wa kulia.

"Nisomee majina," akasema. "Yote. Usiruke."

Nikaanzia safu ya kwanza.