Mwanangu, panga kivuli kabla ya kununua sola

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na ramani ya nyumba uliyoambatanisha, mliyopewa na rafiki yenu, nimeitazama. Mnasema kiwanja mnacho, joto la hapo ni la mwaka mzima, pesa haitoshi kila kitu, na hamtaki nyumba itakayowanyonya bili ya umeme mpaka watoto wakue. Swali lako ni hili: katika hicho kidogo mlicho nacho, mtenge fungu la sola na viyoyozi vya kisasa tangu mwanzo, au mmalize nyumba kwanza? Na mumeo ameongeza lake, kuhusu nyumba za Ujerumani alizozisoma, zinazoishi karibu bila hita.

Sola na viyoyozi viwe vya mwisho. Pesa ya kwanza iende kwenye mambo ambayo yakishajengwa hayageuziki: nyumba imeelekea wapi, ina umbo gani, paa limekaaje, madirisha yako upande upi. Paneli mnaweza kufunga hata baada ya miaka mitano, tena bila kubomoa kitu. Nyumba iliyoelekezwa vibaya mtaishi nayo hivyohivyo, na kiyoyozi kitafanya kazi ya kulipia kosa la ramani kila siku ya Mungu.

Nianze na la mumeo, maana ni zuri. Nyumba ya kwanza ya namna hiyo ilijengwa Darmstadt, Ujerumani, watu wakahamia mwaka 1991. Kipimo chao ni kwamba joto la kupashia nyumba lisizidi uniti 15 za nishati kwa kila mita ya mraba kwa mwaka mzima, kiasi kidogo sana kwa nchi ya theluji. Wanafika hapo kwa kuta na paa zilizojazwa vizuia joto vinene, madirisha ya vioo vitatu, na kuziba kila mwanya. Asichukue vile vioo vitatu. Achukue utaratibu wao: kwanza punguza kile nyumba inachohitaji, halafu ndipo uulize mashine gani ikihudumie. Wao adui yao ni baridi, wanalizuia joto lisitoke. Adui yenu ni jua, kazi yenu ni kulizuia lisiingie.

Sasa tuje kwenye ramani. Haina mshale wa kaskazini. Hapo tu nimejua aliyeichora hakuwahi kukiona kiwanja chenu, na huenda hata rafiki yenu aliipata kwa mwingine. Kuta ndefu za nyumba yenu zielekee kaskazini na kusini, zile fupi ndizo zielekee mashariki na magharibi. Hesabu yake ni rahisi. Kwa aliye karibu na Ikweta, upenu uliochomoza sentimeta 60 tu unatupa kivuli cha karibu mita 1.4 kwenye ukuta wa kaskazini au kusini saa sita mchana, hata ile miezi ya Juni na Desemba ambayo jua limekwenda mbali zaidi. Dirisha la kawaida linafunikwa lote au karibu lote. Upenu huohuo, ukutani magharibi, jua likibakiza muda wa saa moja kuzama, hautoi kivuli cha kufika sentimeta 20. Jua linakuja limelala, linapita chini ya upenu, linaingia mpaka kwenye godoro. Ndiyo maana chumba cha magharibi hakilaliki kabla ya usiku wa manane. Ramani yenu imeweka vyumba viwili vya watoto huko. Viondoeni. Upande huo weka stoo, bafu, choo, ngazi kama ipo, au ukuta usio na dirisha na mti nje, ila mti usiwe wa mizizi mikali karibu na msingi au shimo la maji taka.

Kiwanja kikiwabana, barabara iko upande mmoja na hamna namna ya kuigeuza nyumba, basi geuzeni vyumba ndani yake. Mlango wa mbele si lazima uwe upande wenye madirisha makubwa.

Kuhusu ukubwa sitasema mengi, kwa kuwa najua mmeshabishana vya kutosha. Nitasema korido tu. Hiyo korido yenu ina mita 8 kwa mita 1.2. Ni karibu mita 10 za mraba, chumba kizima, chenye msingi wake, jamvi lake, bati lake na taa zake, na hakuna anayelala humo. Sebule ikiwekwa katikati na milango ya vyumba ikafungukia kwake, korido yote inakufa. Umbo nalo lina bei. Nyumba ya mita 10 kwa 10 ina mita 40 za ukuta wa nje. Ya 5 kwa 20 ina eneo lilelile lakini ukuta ni mita 50. Mimi ningewapa 8 kwa 12.5: mita za mraba ni zilezile 100, ukuta ni mita 41, umeongeza mita moja tu na umepata nyumba nyembamba kiasi cha upepo kuingia huku na kutokea kule, na kuta za mashariki na magharibi ni mita 8 peke yake. Zile kona zinazoingia na kutoka mbele ya nyumba yenu ni za kupendeza wapita njia. Kila kona ni tofali, ni lenta, ni mfereji kwenye paa ambao siku moja utavuja.

Na paa ndilo nililofanyia kazi maisha yangu, kwa hiyo nivumilie kidogo. Jua la mchana lisilo na wingu linashusha karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba iliyolielekea. Paa la mita za mraba 100 linapokea kama vile umepanga pasi 100 za umeme juu yake, zote zinawaka. Panda saa nane mchana kupitia tundu la dari kwenye nyumba yoyote ya bati, ingiza kichwa na mabega tu. Utaelewa kwa nini feni ya sebuleni inapuliza hewa ya moto. Joto lile halishuki jua linapozama, dari imeshalinywa na inalitema taratibu usiku mnapolala.

Dawa yake ina sehemu kadhaa na za kwanza ni za bei nafuu. Rangi: bati jeupe au la rangi hafifu, likiwa safi, linarudisha zaidi ya nusu ya jua linaloliangukia, jeusi linarudisha kidogo mno. Ukienda kununua bati la rangi, bei ya nyeupe na ya nyeusi aghalabu haitofautiani, kwa hiyo hii ni nafuu mnayopewa bure. Najua nyeusi ndiyo fasheni. Kisha pumzi ya dari: matundu chini ya upenu, na mengine juu karibu na mgongo wa paa, ili hewa ya moto ipande itoke na nyingine iingie kwa chini. Yawekewe wavu wa popo na ndege. Simamia mwenyewe siku ya kupigilia fishabodi, yaani ubao wa ukingo wa paa, na ubao wa chini ya upenu, maana fundi akiziba kote kazi inaonekana safi, na dari imeshageuka tanuru.

Halafu ile karatasi ya foili. Watu wengi wanainunua na wachache wanaifunga ipasavyo. Foili inazuia joto la mng'aro, lile linalorushwa na bati la moto bila kugusana na kitu, pale tu ambapo upande unaong'aa una hewa mbele yake. Ukiibana kati ya bati na mbao, huku inagusa bati, inageuka bati la pili, joto linapita kama kawaida. Iache na nafasi ya sentimeta mbili au zaidi, na kama inang'aa upande mmoja, upande huo uangalie chini, kwa sababu wa juu utajaa vumbi na vumbi linaua mng'aro. Pesa ikibaki, ongezeni pamba ya kuzuia joto juu ya siling bodi. Isipobaki, hiyo inaweza kusubiri, mtu anapanda na kuitandaza baadaye.

Upenu usipungue sentimeta 60, na ukifika 90 ni bora zaidi, hasa kama mvua za hapo huja na upepo. Sasa unanielewa kwa nini siyapendi yale mapaa ya kufichwa nyuma ya ukuta. Hayana upenu kabisa. Ukuta unapigwa jua mchana kutwa na unanyeshewa moja kwa moja, na mfereji uliofichwa ukiziba kwa majani, maji yanaingia ndani kabla hamjajua. Mkitaka kumfurahisha baba yenu, paa liwe la pande mbili, mgongo mmoja ulionyooka.

Madirisha: yawe kwenye kuta zinazotazamana, kila chumba kipate njia mbili za hewa, na mlango unaweza kuhesabika kama moja. Angalia aina pia. Dirisha la kioo la kutelezesha la vipande viwili linafunguka nusu tu. Umelipia dirisha zima, upepo unapita nusu. La bawaba au la vipande vya vioo vya kupandisha linafunguka karibu lote. Wavu wa mbu nao unapunguza upepo, na hauepukiki, kwa hiyo ndiyo sababu zaidi ya kutopoteza nusu nyingine.

Ukuta usikutie presha sana. Kama usiku wa hapo hauna baridi, ukuta mnene hauwasaidii vyumbani, unahifadhi joto la mchana na kuwarudishia wakati wa kulala. Jambo kubwa ni kuutia kivuli na kuupaka rangi hafifu. Ukuta mnene una maana mahali pakavu, penye mchana mkali na usiku wa baridi. Mmisri mmoja, Hassan Fathy, alijenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor miaka ya 1940 kwa matofali ya udongo, kuta nene, na kuba zilizojengwa bila hata foma ya mbao. Mafundi wa aina yangu wangekufa njaa pale. Na mngekuwa mnajenga nyanda za baridi ningegeuza nusu ya barua hii: madirisha makubwa yalielekee jua la mchana, yaani kaskazini kwa aliye kusini ya Ikweta na kusini kwa aliye kaskazini yake, kila mwanya uzibwe, na pamba ya darini iwe ya kwanza kununuliwa.

Sasa umeme wenyewe. Nimeona mmehesabu taa. Taa za LED ni sawa, ya wati 9 inatosha pale ilipokuwa balbu ya wati 60, lakini mwizi wenu hayuko hapo. Kupasha lita 100 za maji kwa nyuzi 30 kunakula uniti 3.5. Kwa uniti hizo taa ya wati 9 ingewaka zaidi ya saa 380. Kwa hiyo siku mtakayokuwa na pesa ya kununua chochote cha jua, anzeni na hita ya maji ya jua. Kiyoyozi, kama mtoto au mgonjwa anakihitaji, kiwe cha chumba kimoja kidogo kinachofungika vizuri. Kwingine tumieni feni. Ya dari inakula wati 50 hadi 75, kiyoyozi cha chumba kinaweza kufika 1,000. Ila feni inaupoza mwili kwa kukausha jasho, haipozi chumba, kwa hiyo ikizunguka chumba kitupu inachoma umeme bure.

Ingawa hamnunui sasa, andaeni njia. Kabla ya plasta, pitisheni mabomba mawili kutoka bafuni mpaka darini kwa ajili ya maji ya moto, na bomba tupu la nyaya kutoka darini mpaka penye mita. Mwambie fundi wa kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, wapi hita itakaa. Lita moja ya maji ni kilo moja; tangi la lita 200 likijaa, pamoja na chuma chake, linazidi kilo 200, tena mahali pamoja. Kenchi za hapo zikaribiane na zibebwe na ukuta wa ndani. Kufanya hivyo wakati wa kupaua ni mbao chache. Kufanya baadaye ni kufumua bati. Na sehemu ya paa mtakayoiwekea paneli isiwe chini ya kivuli cha mti wala cha tangi; kivuli kidogo kwenye paneli kinapunguza umeme kuliko ukubwa wake unavyoonekana.

Kwenye bajeti, sehemu ya kumi ya pesa yote iwekeni kando na msiitaje hata kwa fundi, bei hupanda na msingi huwa na yake. Vigae, siling za mapambo, uzio na rangi ya pili vyote vinasubiri. Kama mnaona hamfiki kwenye kupaua, punguzeni chumba sasa kwenye karatasi. Boma lisilo na paa linanyeshewa, kozi za juu zinalegea, na mtaanza kwa kurekebisha. Chumba cha ziada kiongezwe upande wa ukuta mfupi, mgongo wa paa utarefushwa tu. Mwambieni mchoraji aache nafasi hiyo.

Kabla ya kumlipa mchoraji mpya, nendeni kiwanjani na mti ulionyooka, usimikeni, wekeni alama ya kivuli chake asubuhi, saa sita na saa kumi na moja jioni. Angalieni pia upepo unatoka wapi mchana. Mpelekeeni hayo, na mumwambie hampokei ramani isiyo na mshale wa kaskazini. Akishachora, nitumie mimi ukurasa wa paa kwanza, kabla hamjaagiza mbao. Orodha ya mbao nitaiandika mwenyewe, na mumeo asiende dukani bila hiyo.

Wasalimie wajukuu zangu.

Baba yako