Boti ya mbao Naivasha: kutoa dizeli na kuweka autobodi

Mazee, nimesoma swali lako: boti ya mbao futi 25, iko Naivasha, dizeli ya ndani imekufa na unataka autobodi (mashine ya kufungwa nyuma, nje ya boti) ya hosipawa 60. Mi naishi huku Donholm, Nairobi, lakini boti yangu iko ziwa hilohilo na ilipitia kazi hiyohiyo, so hiyo 60 iweke kando kwanza, nenda uangalie tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti.

Boti ya dizeli haikujengwa kubeba mashine nyuma, ule ubao wa tezi kazi yake ilikuwa kuzuia maji tu, sasa unataka uning'inize mashine hapo na ukifungua moto ubao huohuo ndio unasukuma boti nzima. Chukua nyundo ugongegonge. Ikilia kavu sawa, ikilia bubu kumeoza. Yangu ilikuwa imeoza pembeni, fundi akang'oa yote tukaweka plaiwudi ya marini mbili zimegandishwa kwa epoksi, na mbao nene za mvule kwa ndani zikishika tezi na mkuku (ule mti mkuu wa chini ya boti). Bolti ziwe stenlesi, Industrial Area zipo, na kila tundu lipakwe epoksi kabla bolti haijaingia, plaiwudi hunywa maji kupitia hapo. Lile tundu la shafti ya zamani pia lizibwe kwa mbao na epoksi ndani na nje, mtu asikudanganye na silikoni. Na kama boti imekaa nchi kavu muda mrefu, usishtuke ikivuja hata baada ya kukalafatiwa (kuzibwa nyufa za mbao), iache majini siku kadhaa mbao zifure.

Kabla hujalipia mashine pima kimo cha tezi. Tezi ya inchi 15 inataka mashine ya shafti fupi, yaani mguu mfupi, ya 20 inataka ndefu. Kile kibati kilicho juu ya propela kinafaa kuwa sawa na chini ya boti ama inchi moja chini yake, kikiwa juu sana propela inavuta hewa, mashine inalia tu na boti haiendi.

Sasa hosipawa. Kama boti yako ni ya tumbo la mviringo, ya kukata maji polepole, futi 25 inakwama karibu noti 6.7, yaani kama kilomita 12 kwa saa, ukiongeza moto unainua mawimbi na kuchoma petroli bure. Halafu Naivasha iko juu, mita 1,880 na ushee, hewa ni nyepesi, mashine isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 kila mita 300, kwa hivyo mashine ya hosipawa 25 inakuwa kama 20. Hata hivyo 20 inatosha hiyo boti. Ila ile imetyuniwa Mombasa, kule chini baharini, itatoa moshi na kuchafua plagi, mwambie fundi apunguze jeti ya kabureta na utafute propela yenye pichi (umbali inaosogea kwa mzunguko mmoja) ndogo kidogo.

Tangi na betri visukume mbele, la sivyo tezi inazama na omo, yaani mbele ya boti, inaangalia mawingu 😂. KMA (mamlaka ya usafiri wa majini Kenya) pia wanakagua boti za ziwani, laifu jaketi ziwe za kila mtu.

Tupia hapa kimo cha tezi na picha ya chini ya boti nikuambie shafti gani.