Mnauliza: meli iliyoliangusha daraja la Baltimore

Ile video ya meli ya makontena ikiligonga daraja usiku bado inazunguka kwenye simu, kuanzia Mwanga mpaka Kasulu, na wapo wanaoapa kwamba ni filamu. Si filamu. Ni Daraja la Francis Scott Key, Baltimore, Marekani, usiku wa kuamkia Machi 26, 2024. Walikufa watu sita. Haya, maswali yenu.

Meli ya mabilioni inazimikaje katikati ya safari kama pikipiki mbovu? (Fundi umeme, Mwanga)

Kwa waya mmoja, fundi. Wachunguzi wa Marekani walitoa jibu Novemba 2025: waya ulikuwa umevishwa kibandiko cha jina mahali pasipofaa, kwa hiyo ncha yake haikuzama vizuri kwenye kiungio. Ulipoachia, swichi ikakata na meli nzima ikawa giza. Meli ya namna ile umeme ukikatika, pampu zinasimama na injini kuu inajizima. Mabaharia waliurudisha umeme, ukakatika tena. Mara hii ya pili ni kwa sababu pampu iliyokuwa ikipeleka mafuta kwenye jenereta haikuwa ya kazi hiyo, na ikishazimika haijiwashi yenyewe. Wewe unayeunganisha nyaya za watu kila siku utaelewa kwa nini nililisoma hilo mara mbili.

Kwa nini hawakushusha nanga? (Nahodha wa boti, Kibirizi)

Kapteni, waliishusha. Lakini ile meli, Dali, ina urefu wa mita 300. Panga meli nne kama Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika kwenye mstari mmoja, bado hujaifikia. Uzito wake ulizidi tani 100,000, na kuanzia umeme ulipokatika mara ya kwanza hadi kugonga nguzo zilipita kama dakika nne tu. Nanga iliburuzwa chini. Matagi, zile boti za kuvuta na kusukuma meli, yaliyoitoa gatini yalikuwa yameshaiachia, na yalipoitwa tena yalikuwa mbali. Usukani nao, hata ukigeuka, hauna nguvu kubwa kama propela haisukumi maji.

Nimesikia magari yalizuiwa kabla daraja halijaanguka. Sasa hao sita walikuwa akina nani? (Mama wa Ujiji)

Mama, walikuwa mafundi wa barabara. Walikuwa zamu ya usiku wakiziba mashimo juu ya daraja. Ni wahamiaji waliotoka Mexico, Guatemala, Honduras na El Salvador kutafuta riziki. Juu ya daraja walikuwepo wanane, wawili wakanusurika.

Rubani aliyekuwa akiiongoza meli aliomba daraja lifungwe, na askari wakafunga pande zote mbili kwa haraka ya kupongezwa. Wenye magari waliokuwa wakielekea pale wana deni kwao. Ila taarifa iliishia kwenye vizuizi. Hapakuwa na njia ya moja kwa moja ya kuwaambia mafundi. Askari mmoja alisikika redioni akisema akija mwenzake wa kushika zamu atapanda kuwatoa. Hakuwahi. Wachunguzi walisema kama mafundi wangeambiwa wakati uleule askari walipoambiwa, huenda wangepata muda wa kuendesha hadi sehemu ambayo haikuanguka. Redio moja ya mkononi, basi. Mimi kila nikiwaona vijana wenye makoti ya kung'aa wakiweka lami barabarani, naangalia kama yupo mmoja mwenye redio.

Imegongwa nguzo moja, mbona limeanguka karibu lote? Si wizi wa nondo huo? (Msomaji, Kasulu)

Hapana, wizi haumo. Daraja lilifunguliwa 1977, na vyuma vyake vya kati viliungana na kubebana, hivyo nguzo moja ikiondoka hakuna kinachobaki cha kushikilia. Kosa liko kwingine. Mwaka 1980 daraja hilihili liligongwa na meli ndogo zaidi na likabaki limesimama. Mwaka huohuo, Mei, meli iliangusha Daraja la Sunshine Skyway kule Florida, wakafa watu 35. Tangu hapo madaraja mapya yakawekewa vikingio vikubwa kuzunguka nguzo. Baltimore vikingio vilibaki vilevile huku meli zikinenepa. Baada ya ajali wachunguzi walipiga hesabu: hatari ya daraja lile kuanguka kwa kugongwa ilikuwa karibu mara 30 ya kiwango kinachokubalika. Hesabu hiyo ingeweza kupigwa miaka mingi kabla.

Na letu la Kikwete pale Malagarasi? (Dereva wa lori, Tabora–Kigoma)

Lala salama kwa upande wa meli, Malagarasi haipitishi kitu cha ukubwa huo. Adui wa daraja la mtoni ni mafuriko yanayochimba udongo chini ya nguzo. Swali lako wapelekee zaidi watu wa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, maana lile limekaa Ziwa Victoria na lina urefu wa kilomita tatu.

Nani amelipa? (Mfanyabiashara wa dagaa, Katonga)

Mwenye meli na msimamizi wake, kampuni za Singapore, walikubali Oktoba 2024 kuilipa serikali ya Marekani karibu dola milioni 102, gharama za kusafisha mlango wa bandari. Hiyo si fidia ya familia. Kwa madai mengine walikimbilia sheria ya 1851 inayomruhusu mwenye meli kuweka kikomo cha anachodaiwa kulingana na thamani ya chombo baada ya ajali, wakataka kikomo kiwe kama dola milioni 44. Daraja jipya, lenye vikingio vya maana safari hii, linakadiriwa kumeza dola bilioni 4.3 hadi 5.2, na linatarajiwa kufunguliwa mwishoni mwa 2030.