Spishi au aina, umbo au muundo?

SWALI: Shikamuu, Maalim. Namsaidia mjomba wangu, sonara wa Langoni hapa Lamu, na jioni huandika habari za vito kwa Kiswahili ili wateja wetu wasome. Juzi nilitafsiri habari moja hivi: "Wanasayansi wamevumbua aina mpya ya turmalini yenye umbo jipya la fuwele." Mjomba asema sentensi haikukaa sawa, ila hawezi kunionyesha wapi. Nirekebishe nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sikio la mjomba wako ni zima. Sentensi ina maneno matatu ya kuangalia, na moja limeiharibu maana kabisa.

Hilo ni umbo. Umbo ni kile jicho linachokiona. Fuwele ya turmalini, yaani jiwe kama lilivyojiunda lenyewe kabla ya kuchongwa, mara nyingi ni kama kijiti kirefu chenye mistari ya wimawima, na ukiikata kwa upana, uso wake ni pembetatu iliyotuna mbavu. Mjomba wako hulijua jiwe kwa umbo hilo kabla hajaligusa. Muundo ni mambo ya ndani: atomu gani imekaa wapi na imeshikana na ipi. Huo hauonekani kwa macho. Hupimwa kwa kupitisha eksirei ndani ya fuwele na kusoma jinsi miali inavyotawanyika. Basi ulichotaka kusema ni "muundo wa fuwele".

Lakini hata ukiandika "muundo mpya" bado hujafika, na hapa naomba unifuate polepole. Turmalini zote zina mpango mmoja: pete ya silikoni sita zilizofungwa na oksijeni, boroni iliyoshikwa na oksijeni tatu, na nafasi za kukaliwa na atomu nyingine. Wataalamu huzipa nafasi za mpango huo herufi: X, Y, Z, T, V na W. Kwa nafasi kama hizo mimi naona neno letu li tayari, nalo ni kidaka, yaani kishubaka cha ukutani cha kuwekea vyombo. Ingia nyumba ya kale pale Mkomani utazame ukuta wa zidaka, kama tuzitamkavyo Waamu. Mpango wa ukuta ni uleule nyumba hata nyumba. Kinachobadilika ni chombo kilichowekwa: huku sahani ya Kichina, kule bakuli. Ndivyo ilivyo turmalini. Kidaka cha Y kikitawaliwa na chuma, tuna shorli. Kikitawaliwa na magnesiamu, ni draviti. Lithiamu na alumini zikikaa humo pamoja, ni elbaiti. Wala si lazima kidaka kijae kitu kimoja. Kilicho kingi ndicho kinachotoa jina, na kanuni hizo zilipangwa upya na kuchapishwa mwaka 2011.

Sasa aina. Sonara akisema aina, kwa kawaida ana rangi kichwani: nyekundu, buluu, kijani. Kumbe kijiti kimoja cha elbaiti chaweza kuwa chekundu ncha moja na kijani ncha ya pili, nacho ni kitu kilekile. Anachokitenga mwanasayansi, kwa kutazama kilichotawala vidaka, ni spishi. Najua wapo wasiolipenda neno hili, wakidai ni la viumbe hai na ni la kuazima. Mimi natetea litumike. "Madini" tuliyatoa kwa Waarabu, na "turmalini" lenyewe lina asili ya Kisinhala cha Sirilanka, likapelekwa Ulaya na Waholanzi karne ya 18. (Waholanzi hao waliliita jiwe hili "kivuta majivu", kwa kuwa likipashwa moto huvuta majivu. Jina zuri mno hilo!) Aina tuwaachie wauzaji, spishi tuipe sayansi, kila neno lipate kazi yake.

Vumbua halina kosa kubwa, ila siku hizi wengi hulisikia kama kubuni kitu kisichokuwapo. Jiwe lilikuwapo. Andika "gundua". Na ujue kwamba kuliokota tu hakutoshi: hupimwa, likaelezwa kidaka kwa kidaka, kisha jina likaidhinishwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Elimu ya Madini, iliyoundwa mwaka 1958.

Chukua mfano wa maruyamaiti ya Kokchetav, Kazakhstan. Kidaka cha X, ambacho kwa kawaida hukaliwa na sodiamu au kalsiamu, au hubaki kitupu, huko kilikutwa kimetawaliwa na potasiamu. Habari yake ningeiandika hivi: "Wanasayansi wamegundua spishi mpya ya turmalini. Muundo wa fuwele yake ni ule wa turmalini nyingine, ila kidaka cha X kimetawaliwa na potasiamu."

Hukuniambia habari yako ilihusu jiwe gani. Irudie ile ya asili, utafute ni kidaka kipi na kina nini, kisha uyatie hayo mahali pa "umbo jipya". Nisalimie mjomba.