Barua kwa mwanangu: kuhusu machozi ya Rehema

Mwanangu Abdul,

Waalaikum salaam. Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaona nikujibu kwa maandishi, maana kwenye simu wewe huitikia tu "ndiyo mama, ndiyo mama" huku unaendesha gari. Umeniuliza hivi: Rehema ana mimba ya wiki 26, tangu baba yake afariki analia kila usiku, na juu ya hayo nyonga zinamuuma hadi kugeuka kitandani ni kazi. Je, mtoto tumboni anaumia? Umkataze kulia? Na jirani yenu kasema mama mwenye kulia huzaa mtoto mliaji.

La jirani ni jepesi. Karibu kila mtoto mchanga huongeza kilio hadi kama wiki ya sita tangu azaliwe, kisha hupungua, awe mama yake alicheka au alilia. Mwambie hivyo, kwa adabu.

Sasa lako. Umemtaja mtoto mara tatu, ukataka kujua hali yake. Rehema umemtaja kama mlango wa kumfikia mtoto. Nimesema miaka yote, hata baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akinimalizia sentensi: mtoto hakai tumboni tu, anakaa ndani ya mtu.

Maumivu yenyewe hayavuki. Kamba ya kitovu haina mishipa ya fahamu ya kupeleka maumivu ya mama kwa mtoto. Nyonga ikimchoma Rehema, mtoto hachomwi. Kinachovuka ni vile vilivyomo kwenye damu, navyo hupitia kondo la nyuma. Mama akishtuka, adrenalini hupanda, mishipa hubana, moyo hukimbia, na baada ya muda mfupi mambo hutulia. Huzuni ya siku nyingi ni habari nyingine: hapo tezi zilizo juu ya figo hutoa kotisoli, homoni ya taabu. Kondo lina mlinzi kwa ajili hiyo, kimeng'enya kinachoigeuza kotisoli kuwa kotisoni, ambayo haina makali. Inayobaki kwenye damu ya mtoto ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya mama.

Wala usiione kotisoli kuwa sumu. Katika kila mimba, hata ya mwanamke anayeimba kutwa, hupanda mara mbili hadi tatu kufikia miezi ya mwisho, na mtoto huihitaji ili mapafu yakomae. Mama anapoelekea kujifungua kabla ya wakati huchomwa deksamethasoni, miligramu 6 kila baada ya saa 12, sindano nne. Hiyo ni jamaa ya kotisoli ambayo mlinzi yule haiwezi, ndiyo maana inafika kwenye mapafu ya mtoto.

Lakini mlinzi huelemewa, taabu ikiwa nzito na haina mapumziko. Goma, Kongo, walipimwa akina mama 25 na vichanga vyao, matokeo yakatoka mwaka 2012: kadiri mama alivyopitia taabu kubwa zaidi, hasa ya vita, ndivyo mtoto alivyozaliwa na uzito mdogo, na alama za kikemia zikaonekana kwenye jeni ya mtoto, ile chembe ya urithi, inayohusika na kuipokea kotisoli. Na kuna Quebec, Canada, Januari 1998, dhoruba ya barafu ilipokata umeme kwa siku nyingi, wengine zaidi ya mwezi. Watafiti wakawafuata watoto waliokuwa tumboni wakati ule. Katika lugha na akili, tofauti zilifuata zaidi ukubwa wa shida yenyewe, siku ngapi gizani, hasara kiasi gani, kuliko mama alivyosema ameogopa. Hilo lishike. Siku za giza unaweza kumpunguzia mtu. Machozi waachie wenyewe.

Unakumbuka betri za redio? Mwaka 1997, mvua zile za El Niño, bibi yako amefariki Muheza, na mama mdogo Zaituni yuko kwetu Tanga na mimba ya wiki 31. Wazee wakasema asiambiwe, atashtuka, mimba itaharibika. Betri zikatolewa kwenye redio asije akasikia matangazo ya vifo. Wageni wakawa wanakatiwa njiani kabla hawajafika mlangoni. Kliniki akakosa mara mbili, maana kwenye lile benchi la kungojea mtu angempa pole. Siku 19 anaambiwa bibi yuko wodini, anaendelea vizuri. Ya 19 wewe ukamkuta anakunja khanga za kumpelekea, ukamwambia: "Mama mdogo, bibi hazihitaji, tumeshamzika." Darasa la tatu wewe. Ukachapwa.

Siku mbili baadaye kichwa kikaanza kumuuma, na nyumba nzima ikajua sababu: mawazo. Akapewa panadoli na maji ya ndimu. Siku ya nne akasema anaona vimulimuli mchana kweupe, na pete imegoma kuvuka kifundo cha kidole. Hospitali wakakuta presha 170 kwa 110 na mkojo una protini nyingi. Mwanahawa akazaliwa wiki ya 34, kilo 1.9, akabebwa kifuani ngozi kwa ngozi mpaka alipoweza kunyonya vizuri.

Tangu siku hiyo ukoo huu unasema maneno yako ndiyo yaliyompandisha presha Zaituni, na waliokuwa wanajua vizuri zaidi, wenye mashine ya presha ndani ya mkoba wa kazini, walinyamaza. Presha ile ya mimba, ile inayoweza kuishia kwenye kifafa, huanzia mbali. Katika nusu ya kwanza ya ujauzito kondo hutakiwa kuipanua mishipa midogo ya mji wa mimba. Isipopanuka sawasawa, kondo hukosa damu ya kutosha na hutoa vitu vinavyoharibu mishipa ya mama mwili mzima, figo zikaanza kuvuja protini. Habari ya Jumanne hailileti jambo hilo Ijumaa. Labda mshtuko uliongeza, siwezi kuapa. Presha ya mtu mwenye majonzi hupanda. Lakini hupanda na kushuka, haiachi protini kwenye mkojo. Hapana. Miguu ya Zaituni ilikuwa imevimba kabla hujafungua mdomo, na vipimo viwili ambavyo vingeonyesha vilipotea kwa sababu tulikuwa tunamlinda mtoto. Fimbo ile haikuwa yako. Yaishe hapo.

Kwa hiyo Rehema akisema anaumwa, neno "mawazo" lisitoke mdomoni mwako kabla ya kipimo. Kichwa kikali kisichotulia, macho kuona giza au nyota, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba ghafla: presha ipimwe siku hiyo hiyo, na ikifika 140 kwa 90 asirudi nyumbani kabla ya kuonwa na daktari na kupimwa mkojo. Tumbo kuwa gumu kama ubao likiuma bila kuachia, hata kama damu haionekani, kondo huenda linabanduka. Hapo usimalize hata chai. Maumivu ya ubavuni nyuma pamoja na homa na kutetemeka ni maambukizi yaliyopanda kwenye figo, ingawa homa yoyote ipimwe malaria pia. Tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio, kama kila dakika kumi, kabla ya wiki 37, ni uchungu wa mapema mpaka mkunga aseme sivyo.

Nyonga anazolalamikia, ukishayaondoa hayo, ni viungo vya mifupa ya nyonga vilivyolegea na kubebeshwa mzigo. Mtoto havimdhuru. Vinachomnyima Rehema ni usingizi, na mtu asiyelala hali vizuri, akikosa kula ananywea, na kwa njia hiyo ya kuzunguka mtoto huguswa. Alale ubavu, mto katikati ya magoti, na mwingine chini ya tumbo. Akitaka kugeuka, magoti yabane pamoja, ageuke mwili mzima kama gogo, asitangulize mguu mmoja. Nguo ya chini aivae amekaa. Ngazi apande moja moja. Ndoo ya lita 20 ni yako kuanzia leo, hata kama anasema anaiweza.

Dawa: panadoli za miligramu 500, mbili kwa wakati, zipite saa sita kabla ya nyingine, zisizidi nane kwa siku nzima, na si za kumeza wiki baada ya wiki bila kuuliza. Atumie anapozihitaji, asijitese. Wanaomwambia avumilie kwa ajili ya mtoto wangevumilia wenyewe kwanza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini diklofenaki na ibuprofeni asiguse, hata muuza duka la dawa akimwambia ndizo kiboko ya mgongo. Baada ya wiki ya 20 zinaweza kupunguza kazi ya figo za mtoto, na maji anayoelea yanatokana na mkojo wake, kwa hiyo hupungua. Karibu na miezi mitatu ya mwisho zinaweza pia kufunga kabla ya wakati mshipa ulio karibu na moyo wake. Kama daktari amemwandikia aspirini ndogo ya kuzuia presha, hiyo ni habari nyingine, asiiache.

Na kilio? Baba yake amekufa hata arobaini haijafika. Asingelia ndiyo ningeshtuka. Akilia, kaa. Usiwashe televisheni. Muulize marehemu alikuwa mtu wa namna gani, wewe hukumjua sana. La kuangalia ni hili: zikipita wiki mbili mfululizo hapendi tena chochote, halali hata nyonga zikitulia, anasema hafai kuwa mama wa mtu, hiyo ni sonona na ina matibabu hata kwa mjamzito, mpeleke, na mkunga wa kliniki aambiwe waziwazi. Akitamka kwamba afadhali afe, ni siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake. Mtoto anakaa ndani ya mtu, nimeshasema.

Umegusia safari ya arobaini Pangani, kwamba dada zako wanasema asiende, mshtuko na barabara. Mimi ni mama mkwe, si kazi yangu kuamua, na nimeandika sentensi hapa nikaifuta mara mbili. Nitasema ya kitaalamu tu. Mimba ya wiki 28 isiyo na damu wala presha husafiri. Mkanda upite chini ya tumbo, juu ya mapaja. Kila saa mbili ashuke atembee, anywe maji, asijibane mkojo kwa kuogopa kondakta. Kadi ya kliniki iwe kwenye mkoba wake, si kwenye begi lililo buti. Kutoka Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350, anaweza kulala hapa, kisha Pangani ni kilomita 50 tu asubuhi yake, na chumba cha uani nimeshakipiga deki, lakini hilo halina uhusiano na ninachosema.

Kliniki yake ijayo nenda naye. Mtoto akianza wiki ya 28 atakuwa na mwendo wake wa kucheza. Akicheza pungufu kuliko kawaida, Rehema alale ubavu wa kushoto ahesabu, na zisipofika mara kumi ndani ya saa mbili waende hospitali, wasingoje kesho.

Nitumie picha ya ukurasa wa presha kwenye kadi yake. Usiniandikie "iko sawa". Picha.

Mama yako