Ifa ya Wayoruba: hakuna kupandisha mashetani

Mkuu umeuliza kama babalawo (mtazamiaji wa Ifa, ramli ya Wayoruba), kule Nigeria na Benin, hupandisha mashetani kabla ya kumtazamia mtu. Hapana. Ifa ni hesabu na kuhifadhi aya, na anayeifanya yuko na akili zake timamu.

Vifaa vikuu ni kokwa 16 za mchikichi (ikin). Zinazotafutwa ni zenye macho (vitundu vya kokwa) manne au zaidi. Za macho matatu ni za kukamulia mafuta. Anazishika zote, kisha anazikwapua kwa mkono wa kulia. Sasa tazama mkono wa kushoto. Ikibaki moja, anachora mistari miwili kwenye unga wa mti uliotandazwa juu ya ubao. Zikibaki mbili, mstari mmoja. Zisipobaki, au zikizidi mbili, haihesabiki, anarudia. Wengi hukosea hapa: wanachora idadi iliyobaki, kumbe ni kinyume chake.

Alama ni nane, safu mbili za nne nne: kulia, kushoto, anashuka. Safu moja ina sura 16 (waliozoea ramli ya Pwani watazitambua, ni zilezile za moja na mbili), kwa hiyo safu mbili zinatoa odu (alama kamili, kila moja na aya zake) 256. Jina husomwa kuanzia kulia, kama Kiarabu. Kulia mstari mmoja mmoja, kushoto miwili miwili, hiyo ni Ogbe Oyeku. Ukigeuza umepata odu nyingine kabisa, na aya nyingine.

Kwa shauri dogo hutumika opele, mnyororo wenye vipande nane, unaorushwa mara moja tu. Kipande kikilala chali, mstari mmoja, kifudifudi, miwili.

Mteja si lazima ataje shida yake, huinong'oneza kwenye sarafu. Babalawo anaghani aya za odu iliyotoka mpaka mteja mwenyewe aitambue inayomgusa. Ndiyo maana mafunzo huchukua miaka mingi: kukwapua kokwa unaweza kujifunza leo, aya ndizo kazi.

Baadaye huja ebo, sadaka inayotajwa na aya hiyohiyo, na Eshu, mungu mjumbe, lazima apate fungu lake kwa kuwa ndiye mpelekaji wa sadaka. Sura yake huchongwa ukingoni mwa ubao, ikimkabili babalawo.